Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa baada ya uzamivu

Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa baada ya uzamivu ni mpango wa Umoja wa Ulaya unaowalipa watafiti wenye shahada ya uzamivu ili wafanye kazi katika chuo au taasisi ya nchi nyingine, kwa kawaida kwa mwaka 1 hadi 2. Uko wazi kwa raia wa nchi yoyote na kwa fani zote, zikiwemo uhandisi na sayansi.

Mwombaji hatafutiwi nafasi. Humwandikia mwenyewe profesa au mkuu wa maabara ambaye utafiti wake unakaribiana na wa kwake, na akikubaliwa huandaa naye andiko la mradi. Maombi kwa kawaida hufungwa Septemba, hivyo anayeanza kuandika barua Agosti amechelewa.

Sharti linalowakwamisha wengi ni la makazi: katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi anayotaka kwenda. Mkenya aliyemaliza uzamivu wake Ujerumani juzijuzi, baada ya kukaa huko miaka mitatu, hawezi kuomba nafasi ya Ujerumani. Ya Ufaransa anaweza.