Fedha ya Ghafla na Heshima ya Kabwela

Fedha fedheha, walisema wazee. Katika senema Mr. Deeds Goes to Town, aliyoitengeneza Frank Capra huko Marekani mwaka 1936, mtu wa mji mdogo arithi dola milioni 20. Mara mawakili na walaghai wamzunguka, na wakubwa wa mjini wamcheka kwa ushamba wake. Atakapo kuwagawia mashamba wakulima waliokosa kazi, apelekwa mahakamani, eti ana wazimu! Kumbe kulimbikiza mali ni akili, na kugawa ni kichaa.

Nasi tulikuwa na kicheko chetu. Mwaka 1952 Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa alicheza katika Muhogo Mchungu, senema ya kuchekesha juu ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam.

Kigoma na Ujiji mtu huyo hakuwa mgeni. Baada ya reli kufika ziwani mwaka 1914, vijana wengi wa Buha walichukuliwa kwenda kukata mkonge, wakaitwa manamba. Kipande kimoja kilikuwa kazi ya siku 30. Mkataba ulipokwisha, kijana alishuka stesheni ya Kigoma na shilingi ambazo hajapata kuzishika kwa pamoja. Jana alikuwa namba. Leo ni bwana. Marafiki walizaliwa njiani. Duka lilidai, mahari ilidai, kodi ilidai. Wako waliorudi mkongeni mfuko mtupu.

Twasema wazi: ndugu aliyeomba fungu lake hakuwa mlaghai, maana ndiye aliyelima shamba la kijana alipokuwa mbali. Kosa lilikuwa katika ujira uliomtoa mtu kwao miezi mingi, kisha ukamfanya tajiri wa wiki mbili.

Wakulima wa senema ya Capra waliokolewa na huruma ya tajiri mmoja. Ni hadithi tamu, lakini je, asipotokea tajiri huyo? Mfanyakazi hawezi kungoja urithi wa mtu mwingine. Ndugu Kawawa mwenyewe hakubaki katika picha: mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu.

Basi tucheke, ndugu zetu, lakini tujue tunachokicheka. Bahati humwinua mmoja na kumwacha jirani yake palepale. Ujira wa haki na umoja huwainua wote, wala hapana awezaye kuuita umoja huo wazimu.