Namba Iliyoishia Langoni

Kwa wiki tano za mwanzo wa mwaka wa 2019, jina lake kwenye rejista lilifuatwa na vijistari vya buluu kama majina mengine yote. Kisha zikaanza sifuri nyekundu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya msingi huku Pwani, na kila asubuhi nilipofika kwenye jina hilo nilisita kidogo kabla ya kulitia sifuri nyingine. Wiki ya pili nyanya yake akaja, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtoto amefungiwa." Hakuwa amehukumiwa. Alikuwa katika mahabusu ya watoto, akingoja kesi. Umri wake ulikuwa miaka 15.

Kwenye karatasi, basi, mtoto hakuwepo. Kwenye kompyuta ya shule alikuwepo, na aliendelea kuwepo mpaka mwaka ukaisha.

Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha mfumo wa NEMIS mwaka wa 2017 kwa nia ambayo bado naiunga mkono: kila mwanafunzi apewe namba yake mwenyewe, namba itakayomfuata tangu anapoanza shule mpaka anapomaliza, na fedha za serikali zigawanywe kwa kuzitazama namba hizo badala ya hesabu ambazo shule zilijiandikia. Mtoto akihama, shule ya zamani humwachilia kwenye mfumo na shule mpya humpokea. Ni utaratibu mwepesi pale mzazi anapohama kutoka Kilifi kwenda Nakuru. Lakini polisi wanapomchukua mtoto usiku hakuna anayekuja asubuhi kuomba barua ya kuhama. Anakopelekwa pia si lazima pawe shule machoni mwa mfumo, kwa hiyo hata mwalimu mkuu akitaka kumwachilia, hajui amwachilie kwa nani.

Kuna pia suala la fedha. Mwanafunzi wa shule ya msingi alitengewa shilingi 1,420 kwa mwaka, wa sekondari 22,244. Kila jina linalofutwa hupunguza chaki, vitabu na malipo ya mlinzi. Simlaumu mwalimu mkuu anayeliacha jina kwa matumaini kwamba mtoto atarudi, maana mara nyingine hurudi. Ila majina ya namna hiyo yakirundikana, wizara hujikuta ikiwalipia wanafunzi wasioonekana darasani. Mwaka wa 2025 shule zilitakiwa zithibitishe upya idadi ya wanafunzi wao kabla ya kupokea fedha, na mazungumzo yote yakawa ya wanafunzi hewa. Nilimkumbuka kijana wangu. Hakuwa hewa. Alikuwa mtu kamili wa mwili na roho, aliyeketi mahali ambapo mfumo haukufika.

Mahali penyewe ni pengi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kuna mahabusu za watoto, wanakongoja kesi. Kuna shule za marekebisho kama Wamumu na Kabete za wavulana, na Kirigiti ya wasichana, zilizo chini ya idara ya watoto. Kuna Borstal za Shikusa na Shimo la Tewa, chini ya Idara ya Magereza, ambako kijana anaweza kuwekwa hadi miaka mitatu. Kuna kituo cha vijana pale Kamiti, ambacho kifungo chake ni cha miezi minne. Halafu kuna magereza ya watu wazima yenye madarasa yake, ambako wengi wa walimu ni maofisa waliosomea ualimu na wafungwa wenyewe. Kijana mmoja anaweza kupita sehemu tatu kati ya hizi katika mwaka mmoja. Kila anapoingia huandikwa upya kwenye daftari kubwa: jina, umri, kosa, tarehe ya kuingia. Swali la darasa alilofikia hujibiwa na yeye mwenyewe, kwa mdomo. Kijana mwenye aibu hutaja darasa la chini, mwenye kiburi hutaja la juu, na mwalimu wa huko hana pa kuhakikisha.

Wapo pia ambao hawakuwahi kuwa na namba. Tangu mwanzo usajili wa NEMIS ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa, na watoto wanaokamatwa mitaani ndio hasa wasio na cheti. Mfumo uliobuniwa ili asipotee mtoto hata mmoja ulianza kwa kudai karatasi ambayo waliopotea hawana.

Kitu kimoja cha masomo ya gerezani kinachohesabiwa vizuri ni mitihani. Mtahiniwa hupewa namba yenye tarakimu 11, nane za kituo na tatu zake, na matokeo yanapotangazwa magazeti humtafuta mfungwa aliyefanya vyema. Nafurahi kila ninaposoma habari hizo, na ningependa ziandikwe zaidi. Lakini anayefika kwenye mtihani ni yule ambaye kifungo chake kilikuwa kirefu vya kutosha kumpitisha usajili wa mwanzoni mwa mwaka na kumfikisha Novemba. Msichana aliyeingia Machi hajui kusoma, akatoka Julai akimsomea mama yake barua, haonekani popote. Kama siku ya kuhesabu wanafunzi ilikuwa Februari, alikuwa hajaingia. Kama ilikuwa Septemba, alikuwa ametoka. Mimi naona huyo ndiye ushindi mkubwa wa mwalimu wa gerezani, na hakuna safu ya kumwandika.

Wakenya hatuko peke yetu katika hili. Marekani ina mpango wa serikali kuu unaogharimia masomo ya vijana walio kizuizini, na taarifa zake hukusanywa kila mwaka. Hata huko, taarifa za maendeleo ya kusoma na hesabu zimehusu wale waliokaa siku 90 au zaidi mfululizo. Aliyekaa siku 60 huhesabiwa kwamba alipita, lakini alichojifunza hakijulikani.

Nimewasikia maofisa wenye nia njema wakisema dawa ni kuviingiza vituo hivi vyote kwenye mfumo kama shule nyingine. Hapo nasita. Namba ya mwanafunzi ikibeba jina la gereza, kila karani atakayeifungua miaka kumi baadaye atasoma historia ya mtoto kabla hajamwona uso. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai taarifa za watoto zishughulikiwe kwa uangalifu wa pekee, na hapa uangalifu huo si jambo la mawakili tu. Nimewahi kuona barua yenye mhuri wa kituo ikikunjwa mara nne na kufichwa ndani ya soksi. Mtoto mwenye barua hiyo aliona afadhali arudishwe darasa kuliko kuionyesha. Mwalimu anayempokea anahitaji kujua amefika wapi kwenye hesabu. Ametoka wapi si haja yake.

Sasa umetangazwa mfumo mpya, KEMIS, wa kuchukua nafasi ya NEMIS. Natamani wanaoujenga wakae siku nzima na karani wa Borstal, wamwone akifungua daftari, kabla ya kuamua safu zipi ziwepo. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haikumtoa aliye kizuizini.

Kijana wangu alirudi Septemba, katikati ya muhula wa tatu. Hakuwa na barua. Nilimuuliza walikuwa wamefika wapi, akainama, akatoa daftari la mraba lililokunjwa ndani ya shati. Kurasa za mwanzo zilikuwa sehemu na desimali za darasa la sita, kazi aliyokwisha kuimaliza kwangu mwaka uliotangulia. Kule walikuwa hawajui. Nikaendelea kufungua. Kazi ikawa ngumu zaidi, mwandiko ukanyooka. Kwenye ukurasa wa mwisho, mwalimu nisiyemjua alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, pasipo jina wala mhuri: "Aendelee na aljebra."

Nilimtafutia kiti karibu na dirisha, tukaanza aljebra siku hiyo hiyo.