Rejeta inakula panzi? Ivishe wavu!

Haya washkaji mnaomiliki mikweche na nyie mnaosukuma magari ya watu, leo tunafungua boneti. Unaweza kuwa na muziki unaotikisa mtaa mzima, rimu zinang'aa kama kioo na marashi ya gari yananukia hadi kituoni. Lakini ukichungulia nyuma ya grili unakuta mabawa ya kumbikumbi, panzi waliokauka na majani makavu. Hapo ndugu yangu unauza sura tu, kasheshe iko njiani.

Rejeta ni mirija myembamba yenye vipezi vya alumini katikati, laini mno, hata kidole kinavikunja. Maji ya injini yanapita kwenye mirija, upepo unapita kwenye vipezi na kuondoka na joto. Wadudu wakiziba vipezi, joto linabaki ndani. Kokoto ikiruka kutoka kwenye tairi la lori lililo mbele, mrija unaweza kutoboka. Gari likiwa na AC, kondensa inakaa mbele ya rejeta, kwa hiyo yenyewe ndiyo inaanza kula kichapo.

Chukua safari ya Dar kwenda Iringa. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na jioni ya msimu wa mvua wadudu wanafuata taa zako kama wamealikwa harusini. Baadaye unafika Kitonga. Gari linapanda taratibu, gia nzito, upepo wa mbio hakuna tena, feni inahangaika peke yake. Rejeta iliyoziba inaumbuka pale pale. Injini ikichemsha, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na kama gari ni la mkataba, bosi bado anataka hesabu yake ya wiki. Utamwambia panzi ndio wamekula?

Dawa ni wavu, na unautengeneza mwenyewe nyumbani. Ila hapa ndipo wajanja wengi wanapochemsha wenyewe. Wanachukua wavu wa mbu wa dirishani kwa sababu ni rahisi na unapendeza. Jamani, hapana! Vijitundu vile ni vidogo mno, vumbi na mabawa vinaviziba haraka, na gari linakosa pumzi kabisa. Tafuta wavu wa chuma au alumini wenye matundu ya milimita 5 au 6. Tundu la milimita 6 na waya wa milimita 1 linaacha karibu robo tatu ya nafasi wazi. Mdudu mdogo atapita, mwache apite, shida yetu ni panzi na kokoto.

Kata boksi upate umbo la nafasi iliyo nyuma ya grili, kisha kata wavu kwa kufuata boksi hilo, ukiongeza sentimita 2 kila upande za kukunjia, maana ncha za waya zinachana mikono. Rangi nyeusi ya kupulizia ipige nyepesi tu, ukiimwaga inaziba matundu. Funga wavu kwenye grili yenyewe kwa vibanio vya plastiki, vile mafundi umeme wanavyofungia waya. Usitoboe kitu upande wa rejeta, na wavu usiguse vipezi hata kidogo. Gari linatikisika, wavu unaogusa utasaga alumini mpaka maji yavuje.

Sasa lijaribu mlimani, AC ikiwa imewashwa. Mshale wa joto ukipanda kuliko ulivyozoea, ng'oa wavu, tafuta wenye matundu makubwa zaidi. Magari madogo mengi ya Kijapani hayana mshale, yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto. Nyekundu ikiwaka, paki pembeni, zima injini, subiri ipoe. Mfuniko wa rejeta ya moto usiuguse hata abiria wakikupigia kelele, yale maji yana presha na yatakubabua uso wote.

Wavu usafishe kila baada ya safari ndefu. Rejeta nayo imwagie maji kutokea upande wa injini, ili uchafu urudi ulikotoka. Na kijana wa kuosha magari mwambie mapema, ile pampu ya presha asiisogeze karibu, italaza vipezi vyote kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe.