Dhahabu Ndani ya Kipimo cha Malaria

Nikiwa Kigwa, kwenye njia ya kale ya misafara ya Tabora, mama mmoja aliniuliza: “Ndugu mtangazaji, mwanangu kamaliza dawa na homa imekwisha, mbona kipimo cha haraka bado kinaonyesha mistari miwili?”

Mistari ile ni chembechembe za dhahabu, ndogo mno hata huonekana nyekundu. Hunasa protini ya kimelea, nayo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Darubini, aliyoitumia Laveran mwaka 1880 kukigundua kimelea hicho, humwonyesha mpimaji vimelea wenyewe na wingi wao.

Basi homa ikirudi upesi, omba damu ipimwe kwa darubini. Usirudie dozi kwa kuamini mstari peke yake.