UZI: Ukiahidiwa chuo cha ubunifu mjini, uliza haya

1/ Mdahalo wa ugavana. Mtu anaahidi chuo cha kisasa cha ubunifu wa mitindo katikati ya mji, ghorofa ya vioo. Makofi! Hebu tulia kidogo.

2/ Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: kaunti zilipewa vyuo anuwai vya vijijini. Taasisi za elimu ya juu ni za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo muulize, chako ni cha ngazi gani?

3/ Sheria ya TVET ya 2013 inataka chuo kiwe na leseni. Hata mwalimu lazima asajiliwe. Wako wapi?

4/ Jengo hufunguliwa siku moja. Mwalimu hulipwa kila mwezi. Asipotaja mishahara na cherehani, ameahidi nyumba tu.