Kwa Nini Mche Huinamia Nuru

Mche wa mahindi uliooteshwa ndani ya kopo karibu na dirisha haukawii kuinama kuelekea nje. Watu husema kwamba unatafuta jua. Usemi huo hauna ubaya katika mazungumzo, lakini hauelezi kitu. Mmea hauna macho wala misuli; huinamaje?

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa miche michanga ya nyasi. Ncha ilipovikwa kikofia kisichopenya nuru, mche haukuinama. Ncha ilipoachwa wazi na sehemu ya chini kufunikwa, uliinama. Jambo hili ni la kustaajabisha, kwa kuwa pindo lenyewe hutokea chini ya ncha. Ni dhahiri kwamba ncha huipokea nuru, kisha ishara fulani huteremka.

Ishara hiyo ni kemikali. Frits Went, huko Utrecht, Uholanzi, alizikata ncha za miche ya oti na kuzikalisha juu ya vipande vya agari. Baadaye alikiweka kipande kimoja ubavuni mwa kikonyo kisicho na ncha. Kikonyo kikapinda, tena gizani! Homoni hiyo, aliyoieleza mwaka 1928, ndiyo oksini.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea: hudhani kwamba nuru huiangamiza oksini katika upande unaomulikwa. Mwaka 1957 Winslow Briggs na wenzake, nchini Marekani, waliipima oksini itokayo katika ncha za mahindi, wakakuta kiasi kilekile gizani na nuruni. Walipoitenga ncha nusu kwa nusu kwa kioo chembamba, nuru ikitoka upande mmoja, nusu zote mbili zilitoa sawa. Kioo kilipoachiwa upenyo juu, nusu ya kivulini ilizidi. Kumbe nuru huihamisha tu homoni.

Wapokeaji wa nuru hiyo, hasa ya buluu, ni protini ziitwazo fototropini, zilizotambuliwa katika miaka ya 1990. Oksini ikikusanyika kivulini, kuta za seli za huko hulegea, maji huingia, na seli hurefuka kuliko zile za upande wa pili. Mche, kwa kweli, husukumwa na mgongo wake.

Mwenye kuotesha miche dirishani na aligeuze kopo kila siku. Asingoje shina likomae, kwani sehemu iliyokwisha kukakamaa hubaki na kombo lake.