Mwanagenzi katika Chama cha Kusaidia Familia

Leo tutazungumza juu ya mwanafunzi wa shule ya sekondari anayejifunza kazi katika chama cha kusaidia familia zenye shida. Mfano wetu tutautoa Marekani. Ukiwa mzazi, mwalimu, au kijana unayetafuta njia, somo hili lakuhusu.

Tuanze na neno lenyewe. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya uangalizi wa mtu aliyeizoea. Seremala hufunza hivyo: humpa kijana randa, akamwacha akosee, kisha akamkosoa. Huko Marekani sheria ya uanagenzi ya taifa zima ilitungwa mwaka 1937. Mwaka 1991 jimbo la Wisconsin likaanzisha mpango wake wa vijana walio katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mwanafunzi huendelea na masomo yake, na pamoja na hayo hufanya kazi kwa mwajiri si chini ya saa 450 kwa mwaka. Hulipwa mshahara, na hupewa mtu wa kumwongoza kazini.

Sasa, chama cha kusaidia familia ni nini? Ni chama kisichogawia wenyewe faida. Fedha zake hutoka katika michango ya watu, na mara nyingi katika ruzuku za serikali. Kazi hii si ngeni. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House mjini Chicago. Wahamiaji waliokaa karibu waliwaleta watoto wao kutunzwa hapo wakati wazazi wako kazini, na watu wazima walikwenda kusoma jioni.

Siku hizi, kitu kimoja kinachoombwa sana katika vyama hivyo ni nepi. Huenda ukacheka, ukasema, "Nepi nalo ni jambo?" Ngoja kwanza. Msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, uitwao SNAP, ni wa kununulia chakula tu. Haununui nepi wala sabuni. Tena vituo vingi vya kulelea watoto humtaka mzazi alete nepi za mtoto wake. Basi mama asiye na nepi hawezi kumwacha mtoto kituoni; asipomwacha mtoto haendi kazini; asipokwenda kazini hana mshahara wa kununua nepi. Chama kinapompa mama yule furushi moja, kinamfungulia njia ya kwenda kazini.

Basi fikiri kwamba mwanagenzi ni wewe, una miaka 17. Kazi yako ni kupanga mizigo stoo, kupokea simu, kuandika majina ya wanaokuja, na kucheza na watoto wakati wazazi wao wanazungumza na mshauri. Jumanne alasiri mlango wafunguka, na anayeingia ni mama wa mwanafunzi mwenzako. Anakutambua, anainamisha macho. Utafanya nini?

Hapo ndipo uanagenzi wa kweli unapoanza. Kupanga nepi kila mtu aweza. Lakini kuna mambo matatu ambayo mwongozi wako hana budi kukufundisha.

La kwanza ni siri. Mpokee mama yule kama unavyowapokea wengine, wala usimwulize zaidi ya yale yaliyomo katika fomu. Kesho utakapokutana na mwanawe darasani, hukuona kitu. Usimwambie rafiki yako, wala mama yako nyumbani. Neno moja likitoka, mama yule hatarudi tena, na jirani zake pia wataogopa kuja.

La pili, siri ina mpaka wake. Mtoto akikuambia kwamba anapigwa au anadhulumiwa, usimwahidi kwamba utanyamaza. Mwambie mwongozi wako siku ile ile. Majimbo yote ya Marekani yana sheria zinazowapasa watu wa kazi fulani kutoa taarifa wanaposhuku kwamba mtoto anaumizwa. Si kazi yako kupeleleza, wala kumkabili mzazi.

La tatu ni kuujua uwezo wako. Marekani zimo familia nyingi kutoka Kongo ya mashariki na Burundi zinazosema Kiswahili. Kama wewe ni mtoto wa familia hizo, utaombwa kutafsiri. Kumwonyesha mtu mahali pa kuketi, ama kumsaidia kuandika jina lake, ni jambo jema. Lakini habari za ugonjwa, talaka au mahakama ni mzigo wa mkalimani mtu mzima aliyefunzwa. Kanuni iliyotolewa mwaka 2016 kwa mahospitali na watoaji wengine wa huduma za afya wanaopata fedha za serikali ya taifa iliwakataza kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa katika hatari ya ghafula. Mtoto aweza kukosea neno la dawa. Tena kuna mambo ambayo mama haoni vema kuyasema mbele ya mtoto. Sema, "Samahani, mama, nakuitia mtu anayeijua kazi hii." Kuuliza si ujinga, na kumwita ajuaye si uvivu.

Nawe mzazi, usimpeleke mtoto wako kwa macho yaliyofumbwa. Uliza: Nani atamwongoza? Atajifunza nini baada ya kujua kupanga stoo? Na akirudi nyumbani moyo wake mzito kwa aliyoyaona, nani kazini atakayezungumza naye? Chama kisichoweza kujibu maswali hayo kinatafuta kibarua, hakitafuti mwanagenzi.

Ndugu, huruma kijana huja nayo kutoka kwao. Kazi ndiyo inayomfundisha lini aseme, lini anyamaze, na lini amwite mkubwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini furushi la nepi laweza kumrudisha mama kazini?
2. Mwanagenzi aitunze siri gani, na asiitunze ipi?
3. Katika mtaa wenu, ni kazi gani ya kusaidia watu ambayo kijana angeweza kujifunza, na nani angemwongoza?